Kengele Ina Historia, Kamba Haina Mwenyewe

Kama kulikuwa na mtu mmoja Bujumbura aliyechoka kusikia habari za kengele ya zamani ya jumba la mji, mtu huyo alikuwa Nura binti Shaabani, maarufu Mama Siti, ambaye ndiye aliyekuwa akiipiga. Wengine wote waliipenda. Waliipenda kwa sababu ilikuwa juu na wao walikuwa chini, na kamba iliyoshuka kutoka huko juu hawakuwahi kuigusa.

Jumba lenyewe lilihamwa zamani. Meya na makarani wake walikwenda kwenye jengo kubwa zaidi, wakachukua viti, kabati na picha za ukutani. Lori la kuchukua kengele lilikuja mara moja tu, likakuta mvua, likageuza, halikurudi tena. Jumba likawa ofisi ya mtaa, na kengele ikabaki kwenye kimnara chake juu ya baraza, nyeusi, kubwa kama sufuria ya pilau ya harusi.

Ukitaka historia yake, muulize yeyote. Bwana Azzan, mwenye duka la vitambaa mkabala na jumba, atakuapia kwamba babu yake ndiye aliyeileta kwa boti ya mizigo kutoka Kigoma. Irène, Mkongomani muuza ndagala, dagaa wa ziwani, atakuambia apana, iliibwa kwenye kanisa moja upande wa pili wa ziwa, na bibi yake alibatizwa chini yake. Shefu Gaspard, mkubwa wa mtaa, atakuambia ilitengenezwa Ulaya kwa agizo maalumu, na kabla hajamaliza kukuambia utakuwa umesahau ulikokuwa unakwenda.

Marehemu Mzee Shaabani, baba yake Nura, aliyekuwa tarishi wa jumba na mpiga kengele wake, naye alikuwa na yake. Alisimulia kwamba kengele ilitoka kwenye meli iliyozeekea bandarini, na kwamba enzi za Wabelgiji ilipigwa jioni kuwaambia watu weusi watoke mitaa ya wazungu, kila mtu arudi kwake. Siku ya uhuru watu waliipiga mpaka kamba ikakatika. Miaka ya vita haikupigwa kabisa, maana watu walikuwa na vishindo vingine vya kusikiliza. Nura alikua na hadithi hizo, akazihifadhi kama watoto wengine walivyohifadhi nyimbo. Sasa, mtu akianza tu kusema "unajua kengele hii ilitoka wapi," yeye humkata.

"Kila mutu iko na historia ya kengele," husema, akijisugua bega la kulia. "Bega la kengele niko nalo mi peke yangu."

Na alikuwa nalo kweli. Siku hizi kengele hupigwa mara moja kwa wiki, Jumamosi, kumaliza kazi za jumuiya. Asubuhi ya siku hiyo maduka hufungwa, mabasi husimama, na kila mwenye nguvu hutoka na jembe au fagio kuzibua mitaro. Saa nne na nusu kazi inakwisha. Mitaa mingine huangalia saa, ikaenda zake. Mtaa huu husubiri kengele. Kila mtu ana simu mfukoni na kila simu ina saa, lakini hakuna anayeweka jembe chini mpaka kengele ilie, kwa sababu hapo zamani bwana mmoja aliondoka kwa kufuata saa yake ya mkononi, akarudishwa kufagia soko zima peke yake, huku wenzake wamekaa barazani wanamtazama na sambusa mkononi. Tangu siku ile saa ya simu ikawa ya kuangaliwa na saa ya kengele ikawa ya kutiiwa.

Sasa fikiria wewe ndiye mwenye kamba. Ukiwahi kidogo, shefu anakuuliza nani amekupa ruhusa. Ukichelewa kidogo, mtaa mzima unakutukania marehemu wako. Kuna Jumamosi Nura alipiga kwa wakati wake, watu wakatawanyika kama kuku waliomwagiwa maji, kumbe mgeni mkubwa aliyekuja kushiriki kazi alikuwa bado hajapigwa picha. Mgeni akabaki na koleo lake mbele ya mtaro usio na watu. Gaspard hakumsalimia Nura kwa muda mrefu baada ya hapo. Wiki iliyofuata Nura akasubiri shefu anyanyue mkono ndipo apige. Shefu alikuwa kwenye simu, mkono haukunyanyuka, jua likapanda, na Irène akaja kumsimamia, mikono kiunoni, na kumwambia, "Mama, ndagala zangu zinanuka mbele ya kengele kulia. Utazikula we?"

Hakuiomba kazi hiyo. Walipomaliza kumzika Mzee Shaabani, watu wakiwa bado wameketi msibani, Gaspard alimsogelea na kumnong'oneza, "Mama Siti, shika kamba kwa muda tu, mpaka tupate mutu." Wakati huo Talal, kitinda mimba wake, alikuwa bado hajang'oka jino la kwanza. Sasa Talal ana ndevu, anafanya kazi bandarini kwa wakala wa mizigo, na mtu bado hajapatikana. Nura alijifunza kwamba Bujumbura hakuna kitu kinachodumu kama kitu cha muda.

Yote hayo angeyavumilia. Bega lilikwisha kuzoea, na matusi huyazoea mtu. Jambo ambalo hakulizoea ni harusi.

Harusi huwa Jumamosi. Anouar, mwanawe mkubwa, alioa Rumonge. Nura alipiga kengele, akakimbilia gari, akafika akakuta sahani zinakusanywa. Siti, binti yake, aliolewa nyumbani hapa hapa, mitaa miwili kutoka kwenye jumba, ukitupa jiwe linafika. Siku ile kulikuwa na mgeni mkubwa tena, kengele ikacheleweshwa, na Nura aliingia mlangoni kwake mwenyewe wakati sheikh anavaa viatu. Mume wake alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo hakukuwa hata na mtu wa kumsimulia vizuri. Asiyekuwepo na lake halipo. Watoto wawili wameingia kwenye ndoa, na mama yao hakuwahi kusikia lile neno ambalo kila mama wa Kiislamu hukaa nyuma ya pazia kulisubiri, neno la bwana harusi anapojibu: nimekubali. Chakula aliweza kukila siku nyingine. Neno lile husemwa mara moja.

Kwa hiyo Talal alipopata mchumba Uvira, ng'ambo ya mpaka, na wazee wakaweka nikaha Jumamosi saa tano ili wageni wa Burundi wawahi kurudi kabla mpaka haujafungwa, alikuja kumkalia mama yake miguuni.

"Mama, hii yangu usikose."

"Sikosi."

"Na kengele?"

"Kengele itapata mutu," alisema Nura, na aliposema hivyo roho yake mwenyewe ilimcheka.

Hesabu ilikuwa rahisi. Akisubiri kupiga kengele Jumamosi, hata apate gari papo hapo, foleni ya mpakani Gatumba ingemmaliza. Ilibidi aondoke Ijumaa. Kilichotakiwa ni mkono mmoja wa mtu mzima, Jumamosi moja.

Alianza kwa Gaspard, kwa heshima ya cheo. Shefu alimkaribisha kiti, akamsifu yeye, akamsifu marehemu babake, akaisifu kengele. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka Nura akatamani kujifuta.

"Kengele ile ni urithi, Mama Siti. Haiwezi kushikwa na mutu yeyote yeyote."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, shefu. We si mutu yeyote."

Gaspard akacheka kidogo, akakohoa kidogo. "Fikiria, Mama. Mi nikipiga, halafu mugeni mukubwa anasema imepigwa mbele ya wakati, nitamugombeza nani? Nijigombeze mimi?"

Nura alifikiria, na kwa kero yake akaona jambo hilo lina akili.

"Donc, basi, utaniacha niendeje?"

"We enda tu kwa harusi ya mutoto. Kamba haitakosa mutu."

Akavuka barabara kwa Bwana Azzan. Huyu ndiye aliyekuwa akimpigia kelele kila Jumamosi kupitia upenyo wa mlango wa duka: piga bwana, wateja wanapita! Nura aliamini mtu anayeipigia kelele kengele namna ile atafurahi kupewa kamba yake. Azzan alimmiminia kahawa, akamwanzia habari za babu yake na boti ya Kigoma.

"Babu yako aliileta, sawa," alisema Nura. "We piga mara moja tu."

"Mama Siti, mi ni mutu wa duka. Nikipiga mimi, hata ikiwa saa nne na nusu kamili ya Mungu, watasema nimepiga ili nifungue. Watasema Mwarabu ameuza kazi ya jumuiya. Unataka hivyo?"

Hakutaka hivyo. Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba Azzan naye alikuwa na sababu nzuri. Wangekuwa wavivu tu angewatukana, akamaliza. Lakini kila mlango aliougonga ulifunguliwa na mtu mwenye sababu nzuri, na sababu nzuri hazivuti kamba.

"Lakini usijali," Azzan alimsindikiza mpaka nje. "Wende salama. Kamba haitakosa mutu."

Nura alimkuta Irène anachagua ndagala kwenye ungo. Hakuinua hata uso.

"Mi ni mukimbizi, Mama. Nipigie Warundi kengele yao, niwaambie mwache kazi? Kesho batasema Bakongomani ndio banatawala hapa." Akatupa samaki mmoja mbovu pembeni. "Shefu iko. Azzan iko. Mutaa muzima iko na mikono. Haitakosa mutu."

"We mwenyewe unasema kengele ni ya kwenu!"

"Ni ya kwetu," alisema Irène, "lakini kamba ni ya kwenu."

Nura aliondoka pale kichwa kinamwaka. Njia nzima alikuwa akijisemea kwa sauti, na waliokutana naye walimpisha. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi! Watu wanabeba historia, wanabeba babu na bibi na maboti na makanisa, kilo kumi za kamba hawawezi. Na hakuna hata mmoja aliyesema apana. Angesema mmoja apana, angejua moja. Wote walimwambia nenda, wote walimwambia haitakosa, kama vile Mungu angemtuma malaika mwenye misuli.

Ijumaa alikwenda kwenye jumba, akaishusha kamba mpaka usawa wa kiuno, akaifunga fundo kubwa mwishoni ili hata kipofu aipate. Kisha akasimama barazani na kutangaza, kwa yeyote aliyekuwa akisikia, kwamba yeye anakwenda Uvira na kesho hayupo. Watu wakamjibu kwa furaha, mabruki, Mama, mabruki, mutusalimie bibi harusi! Akapanda gari la Gatumba akiwa hana hakika kama wamemsikia au wamemshangilia tu.

Uvira walimpokea vizuri. Bibi harusi, Nawal, alimbusu mikono yote miwili. Mama yake Nawal, alipoambiwa habari ya harusi zile mbili zilizopita, alimpa Nura mahali pa heshima: mkeka wa kwanza kabisa, nyuma tu ya pazia linalotenganisha chumba cha wanawake na ukumbi wa wanaume. Umeme ulikuwa umekatika, spika ilikuwa kimya, na wanawake wa nyuma walikuwa wakilalamika kwamba hawatasikia kitu. Nura angeweza kunyoosha mkono akamgusa sheikh.

Alikaa. Akatulia. Ukumbini watu walikuwa bado wanaingia, wanasalimiana, wanatafuta mahali pa kuweka viatu vyao. Ilipofika saa nne na nusu alijua bila kuangalia popote, kwa sababu bega lilimwasha lenyewe. Alijiambia: haya, sasa wanapiga. Akasoma istighfari kwa maneno yote mabaya aliyowasemea.

Sheikh alikuwa amekwisha kuanza hotuba ya nikaha wakati mkoba wa Nura ulipoanza kutetemeka. Akauacha. Ukatetemeka tena. Wanawake wakamgeukia. Mara ya tatu, shangazi mmoja akamkata jicho, na Nura akaitoa simu ili aizime, akaona jina la Gaspard, na mkono badala ya kuzima ukapokea. Miaka yote ile mkono wake ulikuwa wa shefu siku ya Jumamosi, haukujua kazi nyingine.

"Mama Siti! Uko wapi?"

"Uvira," alinong'ona. "Nilikwambia."

"Unarudi saa ngapi?"

"Kesho!"

"Donc nani anapiga?"

Nura alifumba macho. "Si we ulisema haitakosa mutu?"

"Nilifikiri Azzan."

Akasikia sauti ya Azzan kwa nyuma, imejaa uchungu: "Mimi? Mi nilifikiri Irène!" Na Irène juu yake: "Haki ya Mungu, mi nilifikiri shefu! Ndiye mukubwa!"

"Muko wangapi hapo?"

"Wote," alisema Gaspard, na sauti yake ilikuwa ya mtu mnyonge kabisa. "Mutaa muzima. Jua ni kali, wazee wamekaa chini. Hakuna anayeenda."

"Na kamba?"

"Iko hapa. Nimeishika."

"Umeishika?"

"Nimeishika kidogo."

"Basi vuta!"

"Mi peke yangu? Mbele ya watu wote hawa?"

Nyuma ya pazia sheikh alimaliza dua na kusafisha koo. Nura alilisikia koo hilo. Alijua maana yake, akajua kwamba sasa ndipo pa kuizima ile simu na kuitupa chini ya mkeka. Lakini aliwaona. Aliwaona kama yuko pale: watu wazima na majembe yao juani, saa mifukoni, wameizunguka kamba wanaitazama kama nyoka. Hasira ikampanda mpaka utosini.

"Shikeni wote watatu!" alisema, na hakuwa akinong'ona tena. "We shefu, na Azzan, na Irène. Mikono sita. Atakayeulizwa, mutaulizwa wote!"

Kukawa na mashauriano. Akasikia boriti ikilia kwee, kwee, na kengele haikutoa kitu.

"Haitoki!" alipiga kelele Azzan. "Imekufa!"

"Haijakufa! Munavuta kama munavua samaki! Iamsheni kwanza. Pole pole. Ivuteni, muiache irudi. Muiache irudi, nimesema! Tena. Irudi. Tena. Sasa!"

Ikalia.

Ikalia vibaya, pigo moja refu na moja fupi, halafu moja lililochelewa, lakini ilikuwa yenyewe. Nura aliibana simu sikioni. Tangu ashike kamba alikuwa akiisikia akiwa chini yake, pamba masikioni, kishindo kinamtikisa meno. Hakuwahi kuisikia kwa mbali, kama wengine wanavyoisikia. Kwa mbali ilikuwa na sauti nzuri. Akatabasamu peke yake, akasikia watu kule wakishangilia, na vigelegele, vingi, vikali, vya karibu sana.

Ndipo alipogundua kwamba vigelegele havikutoka kwenye simu.

Wanawake wote walikuwa wamesimama. Mama yake Nawal alikuwa analia na kucheka, anamkumbatia kila aliyemfikia. Upande wa pili wa pazia wanaume walikuwa wakimpongeza Talal, barakallahu, barakallahu. Mtu akamshika Nura bega, lile lile, akamwambia mwanawe amejibu kwa sauti nzuri iliyonyooka, hakutetemeka hata kidogo. Nura akaitikia alhamdulillahi. Alikuwa amekaa mkeka wa kwanza. Alikuwa karibu kuliko wanawake wote waliokuwemo chumbani, na amelikosa neno lile. Machozi yakamtoka ya hasira kwanza, kisha ya kawaida, na waliomwona walidhani ni ya furaha wakazidisha vigelegele.

Talal aliingia kupitia pazia, kanzu nyeupe, jasho usoni, anapita kwenda kumpa mkono bibi harusi. Alisimama kwanza kwa mama yake, akapiga magoti.

"Ulisikia, Mama?"

Chumba kizima kilikuwa kinamtazama. Neno la kumfurahisha lilikuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua. Lakini Nura hakuwahi hata siku moja kupiga saa nne na nusu ikiwa si saa nne na nusu, isipokuwa kwa amri ya shefu.

"Sikusikia, mwanangu," alisema. "Nilikuwa napiga kengele."

Kuna waliocheka, wakidhani ni mzaha wa watu wa Bujumbura. Talal hakucheka. Simu ikaanza kutetemeka tena mkononi mwa mama yake, jina la Gaspard likawaka. Bila shaka sasa walitaka kujua jinsi ya kuinyamazisha. Talal akaichukua, akaizima, akaitia mfukoni mwa kanzu yake. Kisha akajiweka sawa kwenye magoti yake kama alivyokuwa mbele ya sheikh, akamtazama mama yake usoni, na kusema tena, yote, bila kuharakisha:

"Nimekubali kumuoa Nawal binti Nawaf, kwa mahari tuliyokubaliana."

Nura alimshika kichwa kwa mikono miwili. Akakishikilia hivyo mpaka shangazi mwenye jicho kali akaanza kuguna.

"Haya, nimesikia," alisema. "Sasa enda kwa bibi yako, asikungoje. Leo watu wamengoja ya kutosha."